Soli ya Kiatu cha Kushoto

Wiebke Lüdemann alikuwa mchezaji wa kati wa timu yetu ya voliboli hapa Wismar, Ujerumani, na kwa misimu mingi alikuwa na pigo moja ambalo ligi nzima ililijua na wachache sana waliweza kulizuia. Alikimbia nyuma ya mgongo wangu, sambamba na wavu, akaruka kwa mguu wa kushoto peke yake, na mimi, seta wake, nikamwinulia mpira bila kugeuka. Mzuiaji wa upande wa pili alilazimika kukisia mapema amfuate nani. Mara nyingi alikisia vibaya.

Kisha goti la kushoto likaumia. Alifanyiwa upasuaji, akakaa nje karibu mwaka mzima, akarudi. Vipimo vilionyesha kwamba anaruka kama zamani. Hata hivyo, kila alipokimbia nyuma yangu alikuta mikono minne imeshafika hewani ikimsubiri.

Wiki ya nusu fainali ya kombe, dhidi ya Bamberg, Kocha Reinders alimsimamisha pembeni ya uwanja nami nikiwepo.

"Wiebke, sitakuzungusha. Wanajua unapokwenda. Usipopata jibu kabla ya Jumamosi, anaanza Fenja."

"Wanajuaje?"

"Ningejua ningekuficha?"

Fenja alikuwa na miaka kumi na tisa na alicheza nafasi ile ile. Wiebke alikuwa na thelathini na moja. Mchezaji wa umri huo akishakaa benchi kwenye kombe, mara nyingi harudi.

Mshukiwa wa kwanza nilikuwa mimi.

"Ni wewe," aliniambia tukifungua kamba za viatu. "Kuna kitu unafanya. Bega, jicho, sijui."

"Mimi tena?"

"Nani mwingine, muuza soseji?"

Dhana yenyewe haikuwa ya kipuuzi. Kabla ya kila sevu, mpira wa kuanzisha, seta huwaonyesha wenzake kwa vidole, mkono ukiwa umefichwa, nani akimbilie wapi. Tukaenda kwa Tjark, mtu wetu wa takwimu, tukaangalia video. Dhana ikaanguka upesi: Fenja naye alipiga mpira ule ule kutoka mikononi mwangu, kwa ishara ile ile, na hakuna aliyemsubiri.

"Haya, samahani," alisema Wiebke. "Soseji nitakununulia."

Akaacha kujiangalia mwenyewe. Akaanza kuangalia miguu ya wapinzani.

"Simamisha hapo. Huyu wa kwao. Sevu ndiyo kwanza inapigwa, na yeye ameshahama."

"Kweli ameshahama," alisema Tjark.

"Rudisha nyuma."

"Hakuna nyuma. Nakata. Kila kipande kinaanzia kwenye sevu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kabla ya hapo hamna voliboli, bibi. Mnajifuta jasho, mnagonganisha viganja, mnazozana na refa. Timu zote zinakata hivyo."

"Basi niletee hilo jasho."

Tjark alilalamika, lakini faili nzima alikuwa nayo. Tukaiangalia bila kuruka kitu. Nikaona mimi kwanza, kwa sababu sikuwa nikitazama goti lake kama yeye. Nilipompa ishara ya kukimbia nyuma yangu, Wiebke alilamba kiganja, akainama, akafuta soli ya kiatu cha kushoto.

"Unafuta kiatu."

"Kila mtu anafuta viatu."

"Wewe unafuta kimoja. Na ni pale tu ninapokuita nyuma."

Akatazama mara kadhaa zaidi. Goti lile liliumia mguu ulipoteleza kwenye jasho sakafuni. Hilo sote tulilijua. Hatukujua kwamba mkono wake ulikuwa ukilishughulikia jambo hilo tangu hapo bila kumuuliza.

"Sikumbuki kufanya hivi hata mara moja," alisema.

Mazoezini alijaribu kuacha. Hatua zikafupika, akaruka kwa kuchelewa, mipira ikampita. Fenja, ambaye kama mdogo wa timu ndiye aliyepiga deki, alimpigia kelele kutoka upande wa pili:

"Sakafu kavu hiyo, bibi yangu! Nimeisugua mwenyewe!"

"Nyamaza, mtoto. Ndiyo maana naogopa."

Kocha alisema wazi kwamba asipofuta haruki. Wiebke akakubali, kisha akasema kwamba kama hawezi kuacha, atafuta kabla ya kila sevu, aitwe asiitwe. Kocha alifikiri kidogo.

"Unaanza," alisema. "Seti ya kwanza. Ya pili tutaona."

Jumamosi, sevu ya kwanza, Wiebke akafuta. Ricarda Stöhr, mzuiaji wa kati wa Bamberg, akahama papo hapo. Mpira niliupeleka upande mwingine, na mpigaji wetu hakukuta mtu. Ikatokea tena, na tena. Ricarda akamsemesha kupitia wavu:

"Leo umekanyaga nini, mwenzangu?"

"Karibu unuse."

Kufikia mwisho wa seti Ricarda hakuangalia tena chini. Alibaki katikati akikisia kama zamani, na pigo likarudi. Halikufaulu kila mara, lakini kocha hakumtoa. Tulishinda seti tatu kwa moja.

Baadaye timu zote mbili zilikuwa ukumbini, kwenye meza za keki za mashabiki. Wiebke alikwenda moja kwa moja kwa Ricarda.

"Nani aligundua?"

"Mimi. Wengine walisikia kwangu."

"Kwenye video?"

"Video gani? Nami nilipasuliwa goti. Tangu hapo nikiingia uwanjani naangalia viatu vya watu kwanza."

"Na hofu huisha?"

"Mwezi wa tano nastaafu, nayo bado ipo. Chukua hii yenye plamu, ile nyingine kavu."

Kocha alipita na sahani yake akamwambia Wiebke kwamba kwenye fainali ataanza yeye. Alisema na kuendelea na safari yake ya kutafuta kahawa.

Ricarda alisubiri aondoke.

"Huyo mdogo wenu naye ana lake linalomfichua. Nikwambie? Kwangu halina kazi tena."

Wiebke alimtazama Fenja, aliyekuwa meza ya pili akijaza sahani. Aliyeitaka nafasi yake ndiye yule.

"Subiri kwanza," alimwambia Ricarda. Kisha akapaza sauti: "Wewe mtoto! Acha keki uje hapa, unasemwa."