Mtu wa Mkeka

Watu bado wanamwomba mume wangu awachezee Mtu wa Mkeka. Wanamwomba harusini, wanamwomba kanisa jipya likifunguliwa, hata msibani kama marehemu alipenda utani. Iakopo anakataa. Anawapa Mke wa Mchungaji Akichagua Samaki, anawapa Polisi Aliyelala, wanacheka mpaka wanajifuta machozi, halafu wanaondoka hawajaridhika. Wengine wanasema ana kiburi tangu apewe ukuu wa ukoo. Kiburi hana. Angekuwa nacho angenunua suruali mpya.

Alianza kwenye mashindano ya vijana wa kanisa hapa kisiwani Savai'i, Samoa. Alikuwa na miguu myembamba kama ya kuku, na kwa sababu ya miguu hiyo wakampa nafasi za vikongwe. Huku kwetu mchekeshaji ana ruhusa ambayo mwingine hana. Akishavaa gauni na kujipaka unga usoni, anaweza kumwiga mkuu wa kijiji mbele ya mkuu mwenyewe, na mkuu atacheka pamoja na wengine, kwa sababu anayesema pale si mtu, ni pepo. Onyesho likiisha, pepo ameondoka na hakuna wa kushitakiwa.

Kundi lake lilikwenda Apia, likaenda Pago Pago, likaenda Auckland. Kisha watu wa filamu wakamwona. Hakuwahi kuwa kijana mzuri anayempata msichana. Alikuwa mjomba, dereva wa teksi, mlinzi wa ghala, na mara mbili alikuwa maiti. Nilimcheka kwa hizo maiti.

"Umesafiri kote huko kwenda kulala?"

"Mama, hujui kitu," alisema. "Maiti ndiyo nafasi ngumu kuliko zote. Mwili mzima unataka kufanya kitu na wewe unaukatalia."

Lakini kilichompa jina ni Mtu wa Mkeka, na alikitunga jikoni kwangu nikimenya magimbi.

Kila mtu hapa anaijua ifoga. Mtu wako akiua au akijeruhi, mkuu wa ukoo wenu anakwenda kabla ya jua kuchomoza, anakaa chini mbele ya nyumba ya waliokosewa, anajifunika mkeka bora kuliko yote mliyo nayo. Mnapeleka na kuni, mawe na majani, maana yake tupo, mkitaka tupikeni. Mnakaa. Wakiutoa mkeka na kuwaingiza ndani, mmesamehewa. Wasipoutoa, mnaendelea kukaa, na yeyote mwenye panga na hasira anaweza kuja.

Iakopo akaigeuza mchezo. Anakaa chini ya mkeka, kimya, kimya kirefu mpaka watu wanaanza kujikuna. Halafu chafya. Halafu kimya tena. Halafu kidole kimoja kinajitokeza pembeni mwa mkeka, kinaelekea jikoni kwa wenye nyumba, na sauti inasema kwa adabu sana: "Samahani. Shelisheli lenu linaungua." Na wenye nyumba wote, na mapanga yao, wanakimbilia jikoni.

Hicho tu. Visiwa vyote vilikufa kwa kicheko. Mpaka leo mkutano ukiwa mgumu, mtu atasema shelisheli linaungua, na watu watapumua.

Sasa niseme habari yenyewe. Binti yetu Sinapati, mwenye miaka ishirini na mitatu, alikuwa akirudi na pikapu kutoka shambani siku ya Alhamisi. Magunia ya magimbi yakabingirika nyuma, akageuka kuyatazama. Hakuwa amelewa, hakuwa na simu mkononi. Aligeuka tu, na gari likamgonga Uelese, kijana wa kijiji cha jirani aliyekuwa akitembea kando ya barabara na gongo lake la kriketi begani. Mguu ulipondeka. Alivushwa kwa feri kwenda hospitali ya Apia, na madaktari walisema siku chache zijazo ndizo zitaonyesha kama mguu utabaki.

Baba yake Uelese alikwishafariki. Mama yake, Fuatino, alikuwa na huyo mmoja tu. Lakini wajomba walikuwepo, na jioni hiyohiyo watatu kati yao walipita mbele ya nyumba yetu polepole, panga mkononi. Sinapati tukamficha kwa mchungaji.

Ijumaa ukoo ulikaa. Hapakuwa na ubishi kama twende. Ubishi ulikuwa nani akae chini ya mkeka.

"Mkuu ni wewe, kaka, sikatai," alisema Vaelei, mdogo wake Iakopo, mtu ambaye sijawahi kuyaona meno yake. "Lakini nenda wewe, na kabla jua halijapanda watakuwa wanacheka. Ukishachekesha pale tumekwisha. Watasema tumewafanyia mchezo mtoto wao akiwa kitandani."

"Sitachekesha."

"Huhitaji kufanya kitu. Ukikaa tu, watu wanacheka. Niache mimi."

Shangazi yao akadakia. "Vaelei anasema kweli. Wewe Iakopo hata ulipozika mama yako mtu alicheka."

"Nilijikwaa, shangazi."

"Ndiyo hivyo. Unajikwaa kwa kuchekesha."

Watu wakacheka, palepale, kwenye kikao kile. Iakopo akawatazama mmoja mmoja. Nilidhani atakubali. Mimi mwenyewe nilitaka akubali, na sioni haya kulisema. Binti yangu alikuwa amejifungia chumbani kwa mchungaji, hali chakula, na mume wangu ndiye mtu wa mwisho visiwani ambaye ningemtuma akaombe msamaha kwa mkeka.

"Vaelei," alisema mwishowe, "aliyemgonga ni binti wa nani?"

"Wako."

"Basi."

Usiku ule niliutoa mkeka sandukuni, ule alioufuma bibi yangu kwa miaka minne, laini kama kitambaa cha hariri. Sikumwambia neno zaidi ya moja. "Ukitoa kidole nje, Iakopo, usirudi nyumbani."

"Sawa, mama."

Tulifika kungali giza la alfajiri. Tulikuwa kumi na wanne. Iakopo akakaa mbele kabisa, Vaelei akamfunika. Kuni tukaziweka upande wa kulia, mawe na majani kushoto. Sisi wengine tukakaa nyuma yake vichwa chini. Nyumba ya Fuatino ilikuwa imeshushiwa mapazia ya makuti pande zote. Hakukuwa na taa.

Jua lilipotoka, watu wa kijiji wakaanza kukusanyika barabarani. Mwanzoni walikuja kimya, kama inavyopasa. Kisha nikasikia minong'ono.

"Aliye chini ni nani?"

"Si yule? Tazama miguu."

Vidole vyake vya miguu vilikuwa nje ya mkeka. Havikufanya kitu. Vilikuwa vidole tu, lakini visiwa vyote vinavijua vidole vile. Nikasikia msichana akibana kicheko puani. Mama yake akamzaba kofi, kisha akageuka naye akaziba mdomo.

Saa moja ikapita. Wajomba walitoka nyuma ya nyumba, wakasimama kwenye kivuli cha ukingo wa paa. Watatu walewale, na mapanga yaleyale. Mkubwa wao, Tausaga, alimtazama mume wangu kama mtu anayetazama nguruwe aliyeingia shambani.

"Wametuletea mchekeshaji," alisema kwa sauti ili wote wasikie. "Mtoto wetu anakatwa mguu, wanatuletea mchekeshaji."

Vaelei alikuwa kando yangu. Nikamshika mkono asiinuke.

Mkeka ule ulikuwa umekaa sandukuni miaka mingi. Sikuukung'uta. Ndilo kosa langu, na nililijua mara tu mkeka ulipoanza kutetemeka. Nilimwona anabana pumzi, mabega yanapanda. Nikaomba Mungu.

Akapiga chafya.

Ilikuwa chafya ileile ya mchezo, kwa sababu ile ya mchezo alikuwa ameichukua kwenye pua yake mwenyewe. Barabara yote ikapasuka kwa kicheko. Wazee walicheka, watoto wakabingirika kwenye majani. Mmoja wa wajomba, mdogo wao, akageukia nguzo na mabega yake yakawa yanaruka. Na nikasikia, naapa, kicheko kimoja kifupi kutoka ndani, nyuma ya mapazia, kisha kikakatwa.

Wote wakakaa kusubiri kidole.

"Shelisheli, mzee," mtu mmoja akamhimiza kutoka barabarani. "Lete shelisheli."

Nimekaa na mtu huyu miaka thelathini na moja. Nimemwona ana homa ya nyuzi arobaini akaacha kitanda kwa sababu wageni sebuleni walikuwa wameboeka. Sijawahi kumwona akiacha kicheko njiani. Kwake kicheko kilichoanza na hakikumalizwa ni kama mtoto aliyetelekezwa sokoni. Nao walikuwa mia moja, wamekwishafungua midomo. Neno moja tu, na pengine hata wajomba wangecheka na kuweka panga chini. Nilijua alikuwa analifikiria, kwa sababu hata mimi nililifikiria.

Hakutoa kidole. Akavuta vidole vya miguu ndani ya mkeka, polepole, kama konokono.

Wakangoja. Vicheko viwili vitatu vikajaribu tena, vikafa. Mtu akakohoa. Kimya kikazidi kuwa kizito, na kwa kimya hicho watu wakaanza kuona walichokuwa wanakitazama. Mzee wa miaka sitini na minne, kwenye jua, amekaa chini anangoja kupikwa kwa ajili ya mtoto wake. Wanawake wakavuta watoto wao karibu. Wanaume waliovaa kofia wakazivua.

Saa mbili, saa tatu. Saa nne jua lilikuwa kali. Nilikuwa naona jasho likitiririka kutoka chini ya mkeka hadi kwenye mchanga. Vaelei alininong'oneza, "Shemeji, atazimia." Nikamwambia anyamaze.

Pazia moja likainuliwa.

Fuatino alitoka peke yake. Ni mwanamke mnene, mfupi, na siku ile nywele zake hazikuwa zimesukwa. Tausaga akamshika mkono: "Dada, mwache kwanza." Akauchomoa mkono wake bila kumtazama. Akatembea hadi mbele ya mume wangu, akasimama. Alisimama muda mrefu.

"Sina shelisheli, Iakopo," alisema. "Sijawasha moto tangu Alhamisi."

Kisha akainama, akautoa mkeka.

Iakopo alikuwa amelowa, uso mwekundu, macho chini. Alifungua mdomo kusema maneno yanayosemwa na wakuu wa ukoo, na yeye anayajua yote, ameyaiga miaka thelathini. Hayakutoka. Akalia tu, vibaya, kwa sauti, kama mtu asiyejua kuigiza.

"Inuka, baba," Fuatino akasema. "Ingia kivulini. Hospitali mgonjwa mmoja ananitosha."

Tausaga ndiye aliyemwinua. Panga aliliacha kwenye majani.

Wanaume wakaingia, wakakaa kila mmoja kwenye nguzo yake, na hotuba zikaanza. Hotuba za siku kama hiyo ni ndefu. Mimi sikuingia. Niliona mama mwenzangu amesimama kando ya jiko lake la nyuma, majivu baridi, hajui mikono yake aiweke wapi. Nikarudi uwanjani, nikabeba zile kuni tulizokuja nazo.

"Kiberiti unaweka wapi?" nikamwuliza.

Akanionyesha kopo juu ya ubao. Nikawasha. Mti wa shelisheli ulikuwa palepale nyuma. Nikaangua mawili kwa upondo, nikayaweka juu ya moto.

"Binti yako anakula?" akaniuliza.

"Hali."

"Mlete kesho. Twende naye Apia. Uelese anamuulizia, anasema huenda binti anadhani amemwua." Akakaa kwenye gogo. "Alipozinduka jana, kabla sijapanda feri kurudi, swali la kwanza lilikuwa gongo lake la kriketi. La pili, yule dada yuko wapi. Mjinga sana mtoto yule."

Hapo nikakaa na mimi. Tukaanza kuzungumza habari za watoto wetu, nani alizaliwa lini, nani alikuwa na meno mabaya, na tukasahau. Moshi ukabadilika harufu. Nikageuka, nikaona upande mmoja wa shelisheli umekuwa makaa.

Ndani, Vaelei alikuwa katikati ya hotuba. Nikamsikia anasita. Upepo ulikuwa unavuma kuelekea kwao. Wanaume ishirini pale ndani, kila mmoja ana pua, kila mmoja ameisikia ile harufu, na hapakuwa na hata mmoja aliyeweza kusema. Mume wangu kuliko wote. Kutoka nilipokaa niliona mgongo wake umenyooka kama nguzo, masikio mekundu.

Fuatino alinitazama. Nami nikamtazama. Akaweka kiganja mdomoni, mimi nikauma kanga yangu, tukainama pale nyuma ya jiko, mama wawili, tukacheka bila sauti mpaka machozi yakatutoka, na shelisheli likaendelea kuungua.