Kushuka Nyabiyonza

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa nne, saa tatu asubuhi, watu watatu walikuwa chini ya banda la Mzee Byarugaba huko Ihembe wakitoa hewa kwenye breki za mkonga wa Cleophace, gari lenye bomba la hewa lililosimama kama mkonga wa tembo. Landrova ya kijani ambayo hakuna aliyeijua iliingia uani kwa gia ya pili, ikasimama karibu na kichanja cha kahawa. Dereva wake, mwanamume wa miaka hamsini hivi, alitoa mkono dirishani akaupunga.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Zima gari ushuke, mgeni."

"Kuzima nitazima," mgeni alisema. "Kushuka ndiko kulikonileta."

Alizima, akafungua mlango wa kulia, akateremsha mguu. Kabla kiatu hakijagusa nyasi, alikuwa anaingia kwa mlango wa kushoto akiinamisha kichwa asijigonge. Alisogea kwenye viti hadi kwenye usukani, akafunga milango yote miwili.

"Ni hivyo," alisema. "Tangu jana saa nne, nilipovuka daraja la Murongo."

Mzee Byarugaba alifuta mikono kwa tambara. Alikuwa ameendesha magari ya misheni kwa miaka thelathini na moja, na katika miaka hiyo alikuwa ameona magari yasiyotaka kuwaka, yasiyotaka kuzimika, na moja lililopiga honi kila lilipopita mbele ya kanisa. Aliuliza gari ni la mwaka gani. Mgeni akasema sabini na nne. Mzee akaitikia kwa kichwa, kama daktari aliyetajiwa umri wa mgonjwa.

Watatu hao walikuwa moyo wa kundi lililojiita Chuma cha Zamani. Kundi lilikuwa na watu kumi na wanne wa Karagwe na Kyerwa waliokuwa na magari ya milimani yaliyozeeka, lakini wengi walionekana kwenye simu tu, wakitumiana picha za gia boksi. Waliofika kila Jumamosi ni hawa watatu. Kwanza mzee mwenyewe. Cleophace, mkulima mkubwa wa kahawa, mtu mkarimu wa vifaa asiyewahi kumnyima mtu jeki. Na Mackrine, binti wa miaka ishirini na saba mwenye shahada ya uhandisi mitambo na Landrova aliyoachiwa na baba yake. Shahada ilikuwa kwenye bahasha ya plastiki kwa mwaka wa pili. Landrova ilikuwa inatembea.

Kundi lilikuwa na sheria moja. Gari bovu likiingia uani ni la wote mpaka lipone, na mpaka lipone hakuna anayeonja rubisi, pombe yao ya ndizi.

Mgeni alijitaja kuwa Polikarpi Niyonsaba. Alizaliwa upande wa Nyabiyonza. Mama yake alizaliwa huko pia, na baba yake aliletwa kutoka Burundi akiwa amebebwa mgongoni. Miaka kumi na mitatu iliyopita, mwaka ule watu waliohesabiwa kuwa wageni walipoambiwa waondoke, mtu mwenye muhuri alimwandikia karatasi kwamba yeye naye aondoke. Burundi hakuwa na mtu anayemjua. Daraja la karibu lilikuwa Murongo, akavuka kuingia Uganda, na huko amekuwa fundi wa pampu za maji. Sasa alikuwa na kibali cha mgeni cha siku thelathini. Mama yake, Eugenia, alikuwa na miaka themanini na minne.

"Huko Uganda unashuka?" Mackrine aliuliza.

"Nashuka vizuri. Nafunga gari, natembea, nalala kitandani. Ni huku tu."

"Basi tatizo huenda si la gari."

"Tuanze na bawaba," Cleophace alisema upesi. "Bawaba za hizi gari huchoka."

"Bawaba kwanza," mzee alikubali, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa: kuanza na kilicho rahisi.

Polikarpi alisema hataki kwenda kwa mama yake mpaka ashuke. Kwao mtoto humwamkia mzazi akiwa amepiga goti chini, na yeye alikuwa na magoti ya miaka kumi na mitatu ya kulipa. Kumwamkia mama kwa dirishani, kama abiria anayenunua ndizi, hakuona kama ni heshima. Kwa hiyo gari lilibaki uani. Mke wa mzee alimpitishia chai, maharage na ebitoke, ndizi za kupika, dirishani. Maji ya kuoga aliletewa kwa dumu. Haja nyingine alizimaliza kwa ndoo yenye mfuniko, na mapazia ya khanga yakatundikwa. Mvua za masika zilipiga bati la gari usiku na mchana. Jirani waliopita waliamkia, wakauliza kama ameshapona.

Jumamosi ya pili waliweka bawaba mpya na kitasa kipya. Polikarpi alitoka kulia akaingia kushoto.

"Sasa haupigi kelele, lakini," mzee alisema juu ya mlango, na ilikuwa kweli.

Jumamosi ya tatu waling'oa milango yote miwili na ya nyuma. Alitoka kwenye nafasi wazi akaingia kwenye nafasi wazi. Baada ya chakula walifungua boliti za paa, wakalishusha. Polikarpi alipanda juu ya kiti, akashika fremu, akajirusha kwenda juu kama mtu anayetoka kisimani. Walimsikia akitua ndani, nyuma, juu ya tairi la akiba.

"Umeumia?"

"Kidogo, kiunoni," alijibu, nao wakarudisha paa na milango kabla mvua haijarudi.

Jumamosi ya nne mzee alikuja na wazo la kiti. Wangekifungua kiti huku Polikarpi amekikalia, wakibebe chote nje kama wanavyobebwa wagonjwa. Wakati Cleophace anatafuta spana ya nusu inchi, Polikarpi alisimulia juu ya nyumbani, kwa sababu hakuwa na kingine cha kufanya. Alieleza mteremko, na mivule miwili mlangoni mwa shamba, na kahawa ambayo baba yake aliipanda kwa kamba ili mistari inyooke.

Cleophace alichelewa sana kuipata spana. Mackrine alimfuata nyuma ya banda.

"Kaka Cleo, shamba lenye mivule miwili si unalima wewe?"

"Nalima mimi. Nilipewa karatasi yenye muhuri."

"Na yeye?"

"Yeye naye alipewa karatasi yenye muhuri." Aliigeuza spana mkononi. "Mama yake sikumfukuza. Anakaa kwenye jiko la zamani pale pale, na kuni nampa. Waulize majirani, mdogo wangu, hakuna atakayekwambia vibaya."

"Sijasema vibaya."

"Basi twende tukajaribu kiti."

Walijaribu kiti. Wao watatu na jirani mmoja walikinyanyua, wakakitoa, wakakiweka kwenye nyasi, na kiti kilikuwa kitupu. Polikarpi alikuwa ndani, amekaa juu ya tangi la mafuta ambalo kwa gari hizo huwa chini ya kiti. Alisema tangi lina baridi. Wakamrudishia kiti.

Mzee Byarugaba alikaa juu ya kreti, akavua kofia. Alisema kwamba katika miaka yake yote hajawahi kumrudishia mtu gari na kumwambia imeshindikana, na kwamba leo anamwambia Polikarpi imeshindikana. Kibali kilikuwa kimebakiza siku nane.

"Utanisamehe, mwanangu."

"Hakuna kosa, mzee. Mlango sasa haupigi kelele."

Mackrine alienda dirishani. Usiku uliopita wote alikuwa amefikiri juu ya mtu anayeweza kwenda popote isipokuwa chini, na alikuwa bado na umri wa kuamini kwamba kila kitu kina mahali pake pa kukishika.

"Kushuka sikuahidi," alimwambia. "Lakini kufika nakuahidi. Jumapili ya wiki ijayo nitakufikisha kwa mama, mpaka mlangoni. Si barabarani. Mlangoni."

Polikarpi alifuta vumbi kwenye usukani kwa kiganja.

"Mlangoni panatosha," alisema.

Wiki hiyo Mackrine alipata habari zake mwenyewe. Kampuni moja ya kukusanya kahawa ilikuwa inatafuta madereva wenye magari yao yanayopanda milima, kwa msimu mzima, na kati ya walioomba alikuwa amechaguliwa yeye. Magari yangekaguliwa Jumatatu saa mbili asubuhi. Aliilaza Landrova ya baba yake chali, tuseme, akaibadilishia kila kilichochoka. Alikaza springi, akasafisha nozeli. Usukani uliokuwa umefungwa na baba yake kwa mpira wa baiskeli aliuacha kama ulivyo.

Jumamosi walilijaribu gari la Polikarpi kwenye kilima cha Ihembe, kwa sababu njia ya kwao ina matope na hawakutaka kubahatisha. Katikati ya kilima gari lilikohoa mara mbili, likanyamaza, likarudi kinyumenyume mpaka mzee akatia jiwe nyuma ya tairi. Walifungua boneti. Shafti ya pampu ya dizeli ilikuwa imekatika.

Mzee alipiga simu Kampala. Pampu ya aina hiyo ingefika Alhamisi. Kibali kilikuwa kinaisha kesho, na Polikarpi alitakiwa awe amevuka Murongo kabla ya saa kumi na mbili jioni.

Katika Karagwe na Kyerwa kulikuwa na pampu nyingine moja ya aina hiyo iliyokuwa kwenye gari linalowaka. Wote waliokuwepo walijua iko wapi, kwa hiyo hakuna aliyeitaja.

"Kaka Cleo," Mackrine alisema, "ungeniazima mkonga wako Jumatatu, kwa ukaguzi tu?"

"Ningekuazima bila kufikiri, lakini nimeshauahidi kwenye mbolea."

"Sawa."

Alikaa kidogo kwenye gari la baba yake, mikono kwenye mpira wa baiskeli. Halafu alipiga simu kwenye kampuni. Mwanamke aliyepokea alikuwa mpole. Alimwambia gari lisipokuwepo saa mbili nafasi anapewa anayefuata, na anayefuata ameshapiga simu mara tatu.

"Nimeelewa," Mackrine alisema. "Ahsante sana, mama."

Alirudi na spana za inchi zilizoviringishwa kwenye kitambaa. Polikarpi alipoona boneti ipi inafunguliwa alitoa kichwa dirishani.

"Binti, hapana. Mimi mama yangu anajua niko hai. Hiyo kazi umeingoja miaka miwili."

"Tulia, baba. Nikipoteza nati hapa tutatafuta mpaka Krismasi."

"Tukiitoa, itavuka na mimi. Haitarudi kesho."

"Najua itavuka."

Cleophace alisafisha boliti moja baada ya nyingine kwa dizeli na kuzipanga kwenye gazeti. Alifanya kazi nzuri. Saa kumi na moja jioni Landrova ya kijani iliwaka kwa jaribio la kwanza, na ile nyingine ikasukumwa chini ya migomba na kuwekwa juu ya matofali.

Jumapili, baada ya misa, walishuka kuelekea Nyabiyonza. Mackrine alikaa kiti cha kushoto, mzee nyuma. Mahali palipokatika barabara Mackrine alishuka, akatembea mbele kwenye matope mpaka magotini, akionyesha kwa mikono tairi lipite wapi. Polikarpi alitazama miguu yake ikizama na kutoka, ikizama na kutoka.

Kwenye mivule miwili Cleophace alikuwa anawasubiri, amevaa shati la kanisani. Alikuwa amefungua geti na kufagia njia. Alisema gari linaweza kuishia pale getini, mama angeletewa kiti.

"Nilisema mlangoni," Mackrine alisema.

Cleophace alitazama kahawa zake pande zote mbili za njia, zilizopandwa kwa mistari iliyonyooka. Halafu alirudi kinyumenyume mbele ya gari, akiita kwa viganja kama wanavyofanya wenzake kila Jumamosi. "Njoo. Njoo. Kulia kidogo, kaka, usinivunjie tawi. Njoo tu." Alimwongoza vizuri mno. Hakuna tawi lililovunjika. Walipita mbele ya nyumba kubwa, ambapo watoto wa Cleophace waliamkia kwa sauti moja, wakafika kwenye jiko la zamani. Polikarpi alilisogeza gari ubavuni mwa ukuta wa udongo, dirisha lake likielekea mlango wa jiko, mpaka kioo cha pembeni kikaugusa.

Eugenia alikuwa ndani. Walisikia anahema akiinuka. Alipitia mlango wa nyuma, akazunguka kwa fimbo hadi upande wa kushoto, na mzee Byarugaba akampandisha. Alikaa kwenye kiti, akamshika mwanawe sikio, kisha shingo.

"Shuka basi uniamkie," alisema.

"Sishuki, mama. Huku sishuki."

Lakini alifungua mlango akajaribu, kwenye upenyo mwembamba wa ukutani, kwa sababu ni mama ndiye aliyemwambia. Aliteremsha mguu wa kulia, akatokea kushoto, na kiti cha kushoto kilikuwa na mtu.

"Sogea kidogo, mama."

Eugenia alisogea kiti cha katikati, kama watu wanavyosogea kwenye benchi la kanisa kumpisha aliyechelewa. Polikarpi alipita juu ya magoti yake, akarudi penye usukani.

"Umekonda," mama alisema.

Walikula ebitoke na maharage kwenye jani la mgomba lililotandazwa mapajani. Cleophace alileta juisi ya mapera na glasi nne, akauliza kama kuna kinachopungua. Eugenia aliendelea kummegea mwanawe ebitoke. Alisema basi yuko ndani wakimhitaji, akaingia kwenye nyumba kubwa.

Ilipofika saa nane na nusu Mackrine alisogea dirishani na kusema kwamba njia ni mbaya na Murongo ni mbali. Polikarpi aliitikia. Alipitisha mkono dirishani, akaunyoosha, akaweka kiganja kwenye mlango wa jiko. Mlango ulikuwa wa mbao, na mkono ulifika bila shida. Mackrine alisubiri. Hakumwambia tena mpaka alipouondoa mkono mwenyewe.

Kisha Mackrine alimsaidia mama kushuka, akaenda mbele ya gari kuwaonyesha njia ya kugeukia.