Kichwa cha Mheshimiwa

"Usinivute sana hapa mbele," mteja alisema, akigusa ukingo wa paji la uso wake. "Nywele zimeanza kunikimbia."

Domina alilegeza vidole. Alikuwa amekwisha kuusuka upande wote wa kulia, rasta ndogondogo zinazoshuka hadi mabegani, na sasa alikuwa akigawanya upande wa kushoto kwa mkia wa chanuo. Mama huyu alikuwa ameingia na barakoa na kofia, akajitambulisha kama mama Dorothea, akakaa kimya muda mrefu hata Domina akadhani amesinzia. Sauti yake ndiyo iliyomsimamisha. Aliijua. Aliwahi kuisikia ikitoka kwenye spika zilizofungwa juu ya gari, katika uwanja wa shule ya msingi kwao, ikiahidi gari la wagonjwa.

Gari lilikuja kweli. Lilikuja jeupe, limeandikwa jina la Mheshimiwa Albina ubavuni.

Alitazama kwenye kioo. Barakoa ilikuwa imeshushwa kidevuni kwa sababu ya joto, na uso ulikuwa ule ule wa kwenye mabango, ila umechoka. Domina akarudisha macho kwenye nywele. Chumba kilikuwa ghorofa ya tatu, Xiaobei, mtaa wa China uliojaa Waafrika, dirisha likitazama kamba za nguo za jengo la pili. Alikipanga pamoja na Kuluthumu, mwanamke wa Unguja aliyeuza mabaibui kwenye kona na kuwachemshia wateja chai ya tangawizi. Humo ndani kila mtu alijiita alivyotaka, na hakuna aliyemhoji mwenzake.

Lakini nyumbani mbunge huyu alikuwa akitafutwa, na ilisemekana yuko India kwa matibabu. Kwa wiki kadhaa watu waliokuja kusukwa hawakuwa na habari nyingine. Chama tawala kilikuwa na viti vya kutosha kupitisha jambo lolote, ila wabunge wake walikuwa wamegawanyika kambi mbili, wakigombea nani awe Spika baada ya yule wa zamani kuondolewa. Kambi iliyoona itashindwa ilitoka nje, akidi ikakosekana, kikao kikaahirishwa. Kesho yake kambi ya pili ikafanya vivyo hivyo. Bajeti ikabaki mezani. Wafanyabiashara wenye makontena katika bandari ya Nansha hawakujua wapakie au wangoje, maana hakuna aliyejua ushuru utakuwaje. Mmoja wao, akiwa ameketi kwenye kiti hicho hicho, alisema kwamba waliwapa watu hawa kura ili wawaongoze, na sasa wamekaa wanaviziana. Chumba kizima kilimwitikia.

Domina alimwitikia zaidi ya wote. Mdogo wake, Joyness, alikuwa ameshikwa na uchungu kabla ya wakati, na kituo cha afya kikasema apelekwe hospitali ya wilaya. Gari jeupe lilikuwepo uani. Mafuta hayakuwepo, kwa sababu fungu la mafuta lilikuwa kwenye ile bajeti. Walimbeba kwa pikipiki. Mtoto alizaliwa njiani, hakulia.

Simu ya mteja iliita mapajani. Aliitazama kidogo kabla ya kupokea, kisha akaongea kwa sauti ya chini.

"Waambie bado niko India," alisema. "Waambie daktari hajaniruhusu."

Akakata. Akamwomba Domina radhi kwa kutikisa kichwa wakati anasukwa.

Domina alisuka. Alichukua fungu la nywele bandia, akaligawa, akalikaza kwenye shina, akashuka nalo. Vidole vilifanya kazi vyenyewe, wala havikuvuta. Mara moja tu alitamani vivute. Mheshimiwa aliuliza anatoka wapi, naye akadanganya, akasema Mwanza. Mheshimiwa akasema Mwanza ni pazuri, akasema yeye mwenyewe amechoka, akitamani angalau wiki moja ya kulala bila mtu kumpigia. Alipopewa chai alimshukuru Kuluthumu kwa heshima, akaishika glasi kwa mikono miwili. Domina angependa awe mtu wa majivuno. Ingekuwa rahisi.

Ncha zilipochovywa kwenye maji ya moto na kukaushwa kwa taulo, Domina aliomba ampige picha ya kisogoni, kama alivyomwomba kila mteja, ili awaonyeshe wengine mtindo. Mheshimiwa aliwaza, akauliza kama uso hautaonekana.

"Kisogo tu," Domina alijibu.

Na kweli alikipiga kisogo. Lakini mbele ya kisogo palikuwa na kioo, na ndani ya kioo palikuwa na uso, na pembeni ya uso kalenda ya Kichina waliyopewa na laoban wa duka la nywele bandia, bosi aliyewauzia kwa jumla. Siku zote Domina alikata sehemu ya kioo kabla ya kuitumia picha. Siku ile, mteja alipokwisha kuteremka ngazi, alikaa kwenye kiti ambacho bado kilikuwa na joto la mwili wake, akaitazama picha nzima. Kisha akamtumia Joyness. Aliandika: *Nimekutumia wewe tu. Mgonjwa wetu wa India huyu hapa.*

Joyness alijibu kwa neno moja, *Asante*, na Domina akajisikia, kwa mara ya kwanza tangu mtoto yule azikwe, kwamba amemfanyia mdogo wake kitu.

Asubuhi iliyofuata Kuluthumu ndiye aliyemwonyesha. Alisimama mlangoni na mfuko wa maandazi mkono mmoja na simu mkono wa pili.

"Shoga," alisema, "picha hii si ya humu ndani?"

Picha ilikuwa imefika kila mahali. Joyness alimwonyesha mumewe, Anatory. Anatory akaiweka kwenye kundi la waendesha pikipiki wenzake. Na kundi halina mlango. Ilipoingia jioni ya kule, watu walikuwa wamejaa mbele ya nyumba ya mbunge. Mwanzoni waliimba. Baadaye mtu mmoja, ambaye hadi leo hajulikani, alilitia moto banda la ng'ombe.

Mbunge hakuwepo. Aliyekuwepo ni mlinzi, mzee William, ambaye ujana wake wote alifundisha katekisimu. Domina alikuwa miongoni mwa watoto wake. Yeye ndiye aliyemfundisha kufanya ishara ya msalaba bila kuharakisha. Watu walimwambia mzee akae pembeni, hawana ugomvi naye. Akakaa pembeni. Lakini ng'ombe walikuwa wamefungwa, na aliposikia wanavyolia aliingia kuwafungua. Kamba zilikuwa za nailoni. Ziliyeyukia mikononi mwake.

Domina aliyasoma haya akiwa amesimama, na chanuo bado liko kwenye nywele za mteja wa asubuhi. Joyness alimwandikia, *Sikujua watachoma*. Hata Domina hakujua, na kutojua kwao hakukumponya mzee yule hata kidole kimoja.

Kuluthumu hakumlaumu. Alimwambia tu kwamba waliouchokoza moto huo ni wale waliokimbia viti vyao, na watu nyumbani walikuwa wamevumilia vya kutosha. Domina alilijua hilo. Alilirudia moyoni wakati anafagia, wakati anachemsha maji, wakati anasongamana na watu kwenye foleni ya mboga. Lilikuwa kweli kila mara, na kila mara halikufika pale palipouma.

Mheshimiwa Albina alirudi siku hiyo hiyo adhuhuri, bila barakoa. Alikaa kwenye kiti bila kukaribishwa.

"Zifumue," alisema. "Nasafiri leo jioni. Sitaki kushuka kwenye ndege na kichwa cha kwenye picha."

Kuluthumu alichukua birika lililokuwa limejaa maji, akasema anakwenda kuteka maji, akatoka.

Domina alikata ncha ya rasta ya kwanza kwa mkasi, akaanza kuifumua kwa sindano. Kufumua ni kazi ya upole kuliko kusuka. Ukiharakisha unang'oa nywele za mtu. Alifumua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mheshimiwa alikuwa akimtazama kwenye kioo.

"Aliyepiga ile picha," alisema, "alikuwa amesimama hapo ulipo."

"Ni mimi, Mheshimiwa."

"Wewe si wa Mwanza."

"Hapana."

Akamweleza. Hakupanga maneno, alimweleza kuhusu Joyness, gari jeupe uani, pikipiki, mtoto. Mikono yake haikuacha kufumua, kwa sababu kama ingesimama asingejua pa kuiweka. Mheshimiwa alisikiliza hadi mwisho. Hakuuliza kama ni kweli.

"Alikuwa wa ngapi?"

"Wa kwanza."

Chini barabarani mtu alikuwa akikokota toroli la mizigo, magurudumu yakigonga kila ufa wa lami.

"Wakubwa wangu waliniambia nisafiri," Mheshimiwa alisema. "Ningekuwa ukumbini ningelazimika kuchagua upande. Nikaona bora nisichague. Hayo ni yangu, na wewe una haki ya kunichukia kwa hayo." Aliinamisha kichwa ili Domina afikie rasta za kisogoni. "Lakini mzee William hakuwa mbunge."

"Najua."

"Basi."

Rasta zilifumuliwa hadi ya mwisho. Domina alimpaka mafuta, akamchana taratibu kuanzia ncha, akamfunga kitambaa alichotaka. Nywele bandia zilibaki sakafuni kama kilima kidogo cheusi. Mheshimiwa aliaga kwa kutaja jina lake halisi, Domina, ambalo hakuwa ameambiwa. Bila shaka alimsikia Kuluthumu. Kisha akaenda zake uwanja wa ndege.

Siku chache baadaye Domina na Kuluthumu walimwona bungeni, kwenye simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya mafuta. Alikuwa amekaa mstari wa nyuma, kichwa kimefungwa kitambaa, peke yake. Viti vya kushoto na kulia kwake vilikuwa vitupu. Kwa mara ya kwanza katika majuma mengi akidi ilitimia. Hoja ya bajeti ilisomwa. Halafu mtu wa kambi ya pili alisimama kuomba mwongozo, wenzake wakaanza kupiga meza, na kundi zima likatoka nje. Mwenyekiti wa kikao akaahirisha shughuli. Kamera ilibaki ikimwonyesha Mheshimiwa Albina, ambaye hakuinuka.

Kuluthumu alisonya, akaizima simu.

Domina aliitafuta namba ya Edina, binti ya mzee William, kwa watu watatu kabla ya kuipata. Alikaa nayo tangu asubuhi hadi wateja wakapungua. Alipopiga, Edina alishangaa kusikia kwamba ni Domina wa akina Joyness, yuko China, anamwulizia mzee. Akasema anampeleka simu wodini.

"Shikamoo, mwalimu," Domina alisema.

"Marahaba, mwanangu." Sauti ilikuwa nyembamba, ila yenyewe. Alisema anaendelea vizuri, madaktari wamemfunga bandeji mpaka viwikoni, ng'ombe walipona wote isipokuwa ndama. Alisema Domina ndiye wa kwanza kumpigia kutoka mbali namna hiyo, na kwamba jambo hilo limempa nguvu. Akauliza kama huko aliko kuna kanisa.

Domina alisema lipo.

"Mwalimu," alisema, "nina neno nataka kukuambia."

"Sema, nakusikia. Ngoja kwanza, Edina anaishika simu vibaya. Isogeze, mama, hapo hapo sikioni. Haya."

Upande wa pili kitambaa kilisuguana na simu, kisha kukatulia, na Domina akazisikia pumzi mbili: ya mzee, nzito, na ya binti aliyekuwa ameinama juu yake, mkono umenyooshwa, akingoja.