Usiinue Sindano

Siku Mwinjuma alipofariki, ngoma zake za tumba zilikuwa zimeshafungwa kamba juu ya lori. Bendi ya Msangazi Jazz ilikuwa inatoka Korogwe kwenda Handeni kupiga kwenye sherehe za Saba Saba, na yeye alikuwa amelazwa hospitalini kwa homa. Mkewe, Mashavu, alikuwa kwenye kibaraza cha wodi akiupepea uji upoe. Nesi akaja, akamtoa kikombe mkononi. Mashavu akajua.

Habari zililifikia lori kabla halijaondoka. Habakuki, katibu wa bendi, Mshambaa wa kutoka milimani, mtu wa tai na kalamu mfukoni, alivua kofia akasikitika kweli. Kisha akasema sherehe ni ya taifa zima, haiahirishwi kwa ajili ya mtu mmoja. Kulikuwa na kijana wa Mnyuzi anayejua kupiga tumba. Ameshatumwa mtu kumfuata.

Sadala, mwimbaji wao, alikuwa amekaa mbele karibu na dereva. Ndiye aliyesimama kwenye kipaza sauti tangu bendi iundwe, na wengi waliokuja dansini walikuja kwa ajili yake. Alifungua mlango akashuka.

"Unakwenda wapi?" akauliza Habakuki.

"Kuzika."

"Na nani ataimba?"

"Huyo wa Mnyuzi. Si anajua?"

Jibu hilo lilitembea kwenye mashamba ya mkonge muda mrefu. Wakata mkonge walitaniana nalo: mtu akiomba ruhusa, mwenzake humwambia nyapara amwite huyo wa Mnyuzi.

Walimzika Mwinjuma kwao Kwedizinga. Sadala hakurudi tena kwenye bendi. Alirudisha gitaa la umeme na koti la kung'aa, akanunua gitaa kavu, akaomba shamba kwa ndugu wa marehemu akaanza kulima mahindi. Watu wakasema akili zimemruka. Mtu aliyezoea kupigiwa mbinja na ukumbi mzima, leo anafukuza nyani!

Mashavu alipomaliza eda, Sadala alikuja na gitaa lake, akaketi mbali kidogo na mlango, kwa adabu.

"Shemeji, nina nyimbo. Zisikilize. Ukichukia, niambie."

Mashavu alikuwa anachambua maharage. Alisikiliza bila kuinua uso. Katikati ya wimbo Sadala alinyamaza ghafla, mkono ukatulia juu ya nyuzi. Kimya kikakaa. Kisha akaendelea palepale kama vile amejibiwa na mtu. Ilipotokea mara ya pili, vidole vya Mashavu vilisimama ndani ya ungo. Alipajua mahali hapo. Dansini, Sadala alikuwa akiimba mstari, anarudi nyuma hatua moja, na Mwinjuma anamjibu kwa tumba peke yake mpaka ukumbi unapiga kelele.

"Umemwachia mahali pake," alisema.

"Nimemwachia."

"Basi usimpe mtu."

Sadala akaenda Mombasa kwenye kampuni moja ya santuri. Fundi wa mitambo aliposikia kile kimya alidhani uzi wa gitaa umekatika, akazima. Wakaanza upya, akazima tena. Akamletea mpiga tumba, Sadala akamwomba akanywe chai. Mwishowe walimwacha aimbe atakavyo, ikatoka santuri kubwa, nyimbo pande zote mbili, sauti moja na gitaa moja.

Wanunuzi wa mwanzo Korogwe waliirudisha dukani. Walisema imekatika. Wengine waliinua sindano, wakaipuliza vumbi, wakairudisha, na kimya kikaja vilevile. Grasiana muuza duka alichoka kubishana. Kila aliyeinunua alimwambia, "Usiinue sindano. Subiri, ataendelea."

Wakaanza kusubiri, na waliosubiri waliipenda. Mkata mkonge mmoja alisema huu ndio muziki wa kwanza usiomwambia ainuke. "Nimeinama na kuinuka kutwa nzima," alisema. "Huyu ananiacha nikae." Santuri zikaisha.

Hapo kampuni ikataka kuitoa tena, lakini safari hii iwekwe tumba, ichezeke. Msangazi Jazz wangetia mkono. Sadala aliwajibu kwamba mahali pale si pake, wamuulize mke wa mwenyewe. Ndipo Habakuki akapanda basi hadi Kwedizinga. Ilikuwa siku ya shamba la kijiji, wakati huo wa vijiji vya ujamaa, na watu walikuwa wamerudi kula pamoja nyuma ya duka la ushirika.

"Shemeji, pole na kazi."

"Nimeshapoa, Bwana Habakuki. Karibu ugali."

"Sikuja kula. Nimekuja unipe neno moja tu."

"Neno lenyewe ni hapana."

Watu walicheka. Habakuki naye alicheka, akajifuta jasho. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na bendi ya kulisha.

"Tuwaulize wasikilizaji," alisema. "Gramafoni ya betri iko hapo dukani na santuri ipo. Wakiisikiliza mpaka mwisho kama ilivyo, naondoka. Wakikosa kitu, uniruhusu nikiweke."

Mashavu alimtazama Sadala. Sadala alikuwa anaondoa matope kwenye jembe kwa kijiti, wala hakuinua kichwa. Uamuzi ulikuwa wa Mashavu.

"Piga," alisema.

Santuri ikazunguka. Watu wakaacha kutafuna. Kimya cha kwanza kilipofika, kijana mmoja akapaza sauti, "Amesahau maneno!" Wakacheka tena.

Bibi Zamda, kizee wa nyumba ya jirani, alikuwa pembeni kwenye kinu, anatwanga mahindi ya chakula cha jioni. Kimya cha pili kilipokuja, alishusha mchi mara tatu, taratibu, na mara ya nne akauzuia juu mpaka Sadala alipoanza kuimba. Hakuna aliyecheka. Kimya cha tatu, mtu aligonga sufuria. Mwingine akapiga mpini wa jembe chini. Kila mmoja na mdundo wake, haikulingana.

Mashavu aliinuka akaenda kwenye kinu.

"Bibi, shikamoo. Naomba uache. Hapo ni pa mume wangu."

"Marahaba. Najua ni pa mumeo." Bibi Zamda hakuuachia mchi. "Na mimi nina wangu. Mwanangu Mdoe alikwenda vitani Burma na jeshi la Keya, hata kaburi sikuonyeshwa. Nyimbo nilizosikia mimi tangu hapo zote zimejaa, hakuna pa kumweka. Leo nimepata penye upenyo, unanifukuza?"

Mashavu alibaki amesimama, na kimya kingine cha wimbo kikapita, mchi ukashuka.

Habakuki alikuwa amefurahi. "Umeona, shemeji! Wenyewe wanataka tumba. Umesikia kwa masikio yako."

"Nimesikia."

"Basi tumekubaliana."

"Hatujakubaliana. Ukiweka tumba zako humo, Bibi Zamda atampigia wapi mwanawe?"

"Lakini shemeji, kule mjini watu wanataka kucheza…"

"Wacheze na nyimbo zenu. Mnazo tele. Siku ile tulipozika mliendelea, hamkukosa kitu. Endeleeni." Hakushusha sauti. "Kawaambie wa Mombasa: mke wa Mwinjuma amekataa. Akiulizwa mwakani, atakataa."

"Hawataitoa tena. Unajua hilo?"

"Wasiitoe."

Habakuki alimgeukia Sadala. "Na wewe, mwenye santuri? Jina lako litapotea hivihivi?"

"Mwenye neno ameshasema," Sadala alijibu. "Kaa ule, Katibu. Basi la kurudi bado."

Habakuki alikaa akala.

Kampuni haikuitoa tena. Msangazi Jazz wana mwimbaji mwingine, na yule kijana wa Mnyuzi bado ndiye mpiga tumba wao. Sadala analima Kwedizinga. Santuri ya dukani ina mkwaruzo upande wa pili, na hupigwa kila siku ya shamba la kijiji, watu wakishamaliza kula. Kimya kikifika, mchi wa Bibi Zamda hushuka.