Ukuta wa Nyuma kwa Shangazi

Mtafiti alipozunguka nyuma ya nyumba na kuuona ukuta, alisimama ghafla. Ulikuwa mweupe pe. Kuanzia kwenye tangi linalovuja hadi kona ya jiko hapakuwa na hata doa la kijani, na harufu ya klorini ilikuwa bado inachoma pua.

"Unaonaje?" aliuliza shangazi yake, mikono kiunoni, uso umemchangamka. "Mgongo unaniuma, lakini mgeni wako hatakuta uchafu kwangu. Na kesho fundi bomba anakuja kuziba tangi, unyevu usirudi tena."

Mgeni mwenyewe, mkuu wa maabara, alikohoa na kutazama viatu vyake. Alikuwa amekumbatia kiboksi chenye kuvumwani, vimea laini vifupi kuliko ukucha, vilivyotolewa kwenye korongo linalokauka. Vyote vilikuwa dume. Majike waliyoyajua yalikuwa hapa tu, kwenye ukuta huu. Mbegu ya dume huogelea kwenye tone la maji kumfikia jike, kwa hiyo wakikaa mbali hawazai kamwe.

Mtafiti alitaka kupiga kelele. Akamtazama shangazi, aliyemlea tangu hajui kufunga vifungo vya shati, akaona malengelenge viganjani mwake.

"Ukuta umeng'aa, shangazi," alisema, huku moyo ukimuuma.

"Si ulisema kwenye simu mnakuja kuona ukuta wa nyuma? Ningeuachaje vile?"

Loo! Alisema hivyo hivyo, wala hakuongeza neno. Mtu anayeweza kuongea asubuhi nzima kuhusu jani dogo lisiloonekana kwa macho, siku hiyo aliona uvivu kumweleza shangazi yake.

"Na vile vya kijani, mama, ulivipeleka wapi?" aliuliza mkuu kwa upole.

"Nilivikwangua kwanza kwa kisu, nikavianika juani, ndipo nikapaka ukuta dawa. Nimemtandikia kuku. Ni laini, anavipenda."

Kuku alikuwa anaatamia ndani ya karai bovu, na hakuwa na mpango wowote wa kuwasaidia wasomi. Mtafiti aliingiza mkono, akadonolewa, akaingiza tena, akatoka na konzi la vumbi la kahawia.

Shangazi alianza kuelewa. Sauti ikamshuka. "Nimekuharibia kazi, mwanangu?"

Mtafiti aliliweka vumbi kwenye sahani aliyoichukua jikoni, akakinga maji ya tangi kwa kiganja, akadondosha. Wote watatu wakainama. Vijani vilivyojikunja vikaanza kufunguka, kimoja hapa, kingine pale, hadi sahani ikawa na rangi ya kijani.

"Vinakauka, lakini havifi," alisema mtafiti, machozi yakimlengalenga. "Hata kipande kikivunjika huota tena. Ndivyo jike huyu alivyoishi hapa miaka yote, peke yake, bila mtoto."

Shangazi, ambaye naye hakujaliwa kuzaa, aliinua sahani mpaka karibu na macho.

"Mwenzangu ana bahati," alisema. "Ameletewa mchumba mpaka nyumbani."

Mkuu alicheka mpaka akakiweka kiboksi chini. Shangazi hakucheka. Aliipangusa mikono yake kwenye kanga, akatoa simu, akapiga.

"Fundi, kesho usije," alisema. "Hilo tangi liache livuje."