Maji ya Siku ya Pili

Soya ilipoadimika sokoni, karakana za tempe, vile vipande vya soya iliyovundikwa hadi ikashikana kwa ukungu, zilifungwa moja baada ya nyingine mtaani kwetu mjini Malang. Sisi wanawake sita tuliokuwa tukifunga tempe kwenye majani ya mgomba karakanani kwa Mama Wiji tulijua tunaofuata kurudishwa nyumbani ni sisi.

Parmono, shemeji yake Mama Wiji, ndiye aliyelisema. Kwa ushauri hana mpinzani. Kwa kazi, simjui.

"Shemeji, wape hawa likizo. Hiyo soya iliyobaki ichanganye na papai bichi. Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Na hawa hawaendi popote. Tutatengeneza tempe ya koro."

"Koro? Chakula cha miaka ya njaa?"

"Kwani hii ni miaka ya nini?"

Koro ni maharage yenye sumu. Unayachemsha, unayamenya, kisha unayaloweka siku tatu, maji ukiyabadilisha asubuhi na jioni. Kazi ya maji nilipewa mimi. Siku ya pili jirani alikuwa akiozesha binti yake, na kwetu jirani akiwa na shughuli unakwenda kupika. Usipokwenda, siku ya msiba wako utalia peke yako. Nikapika, nikacheka, nikasahau maji. Kesho yake nikayabadilisha harakaharaka mara nyingi, nikanyamaza.

Ukungu ulishika vizuri, tempe ikatoka nyeupe ya kupendeza. Tuliiuza alfajiri. Kabla jua halijapanda, Mama Tukinah, muuza vya kukaanga, akatujia na sahani mkononi.

"Wiji! Hiki chakula au dawa ya panya? Kichungu, na mume wangu anatapika!"

Soko zima likageuka. Parmono akatukodolea macho. "Nani aliloweka?"

Nilifungua kinywa niseme ni mimi. Mama Wiji akanitangulia.

"Karakana yangu, kosa langu. Mlionunua, msile, rudisheni yote. Dada Tukinah, twende nimwone mumeo, tumpeleke zahanati."

Tempe yote tuliifukia nyuma ya karakana. Mchana, mume wa Mama Tukinah alipopata nafuu, nilimweleza Mama Wiji kila kitu. Hakunibembeleza.

"Ungesema mapema, tungepoteza maharage tu. Umenyamaza, tumepoteza imani ya watu."

Nikachukua mtandio wangu niondoke.

"Mwache aende," Parmono akasema. "Limebaki gunia moja tu la koro. Likiharibika, tumekwisha."

"Hilo gunia ataloweka yeye."

"Yule yule?"

"Yule yule. Hapa kuna mwingine ambaye hatasahau maji maisha yake yote?"

Parmono akageuka akatoka nje, nami nikalifurahia hilo hata katikati ya machozi. Maji niliyabadilisha asubuhi na jioni, wenzangu watano wakija kuchungulia, bila kunisimanga.

Siku tuliyorudi sokoni, meza yetu ilikwepwa kama yenye ukoma. Mama Tukinah alisimama mbali, mikono kiunoni. Mama Wiji alinyoosha mkono achukue kisu; nikamwahi. Nikakata tempe, nikaikaanga mbele ya watu, nikala kipande kizima, kisha nikaenda na sahani hadi kwa Mama Tukinah.

"Hii nimeiloweka mimi," nikasema kwa sauti ya kusikika na soko zima. "Na ile chungu ya mwanzo pia niliiloweka mimi."

Mama Tukinah akanitazama toka juu hadi chini. Kisha akachagua kipande kikubwa kuliko vyote.