Bunduki ya Ndoo

Ishaq kila akiitungua bunduki yake ukutani, hata kama ni kuipangusa vumbi tu, hucheka peke yake, na mkewe Nasriya hujua keshakumbuka Idi ya mwaka 1968.

Aliinunua Kuwait kwa injinia mmoja wa Kimarekani aliyekuwa anarudi kwao. Ilikuwa ya risasi ndogo, nyepesi ajabu, na kitako chake hakikuwa cha mti bali cha plastiki ya rangi ya kahawia. Jamaa zake wa Bawshar, Omani, wakaipa jina: bunduki ya ndoo, eti plastiki ni ya ndoo. Ishaq wala hakujali. Ijumaa wenzake wakikaa kusugua vitako kwa mafuta, yeye anakunywa kahawa. Yake haikutaka kubembelezwa, na aliipenda kupita kiasi.

Lililomkosesha raha ni Idi. Siku hiyo wanaume wa ukoo husimama safu, ngoma zinapigwa, wanaimba razha, nyimbo za kujigamba, na kurusha bunduki tupu juu, kisha kuzidaka. Ishaq alizaliwa Unguja, na Idi yake ya kwanza huku aliitazama kutoka kwenye jamvi la wageni. Ilimuuma sana kuwa mgeni kwa babu zake mwenyewe. Akamwomba ami yake, Marhoon, nafasi katika safu.

"Nafasi nnakupa," akasema Ami Marhoon. "Lakini ukiiangusha, Idi ijayo rudi jamvini."

Ramadhani nzima, kila baada ya futari, Ishaq alijifunza kwa bunduki ya ami yake, ya mti na chuma, nzito ya kung'oa bega, mpaka akawa haikosi. Yake mwenyewe hakuijaribu hata mara moja.

Siku ya Idi akairusha kwa nguvu zile zile. Ikapaa. Ikapita vilemba, ikapita ukuta, safu nzima ikiitazama, kisha ikagonga kuti la mtende na kushuka juu ya mawe kwa kishindo. Ishaq akaliona jamvi la wageni mbele ya macho yake.

Ami Marhoon akaiokota. Akaigeuza, akapitisha kidole kwenye kitako, asione ufa. Akatia risasi, akalenga jiwe jeupe kwenye mteremko mtupu wa jabali, akafyatua. Jiwe likaruka.

"Yangu saa hizi ingekuwa kuni," akasema.

Akahakikisha haina kitu, akatazama kushoto na kulia, kisha, na uzee wake wote, akairusha mwenyewe. Ikampita mikono, ikaangukia nyuma yake. Watu walicheka hata mpiga ngoma akaketi chini. Ishaq peke yake hakucheka, maana hukumu yake ilikuwa bado haijatoka.

Mzee akamrudishia bunduki huku akijifuta machozi ya kicheko.

"Idi ijayo utasimama hapa, ubavuni kwangu," akasema. "Ila kesho uje unifunze kuidaka."